Bomba la Huwedi

Bi Khadra alikuwa na miaka thelathini na moja kazini katika ofisi ya mambo ya kale ya Kasri Zeidun, kwenye milima ya mashariki mwa Libya, na alidhani ameshaona kila uchafu ambao mtu anaweza kuutupa juu ya kazi ya mtu mwenzake. Alishaokota pembe na utumbo wa kondoo kwenye ngazi za mawe ambako Wagiriki walikuwa wakikaa kutazama michezo yao, na ambako siku hizi familia huja Ijumaa kuchoma nyama. Alishasugua nguzo kufuta majina ya wapenzi yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu. Alishamfukuza bwana mmoja aliyefuga mbuzi ndani ya kaburi, akamwambia mbuzi wabaki ila yeye atoke. Lakini asubuhi ile ya Jumatatu, aliposhuka bondeni pamoja na mlinzi Atiya kukagua njia ya wageni wa kutoka mji mkuu waliotarajiwa Jumatano, alisimama ghafla akajiziba pua kwa ncha ya shela.

"Mzoga?" aliuliza.

"Mzoga hunuka ukaisha, Mwalimu," alisema Atiya. Alimwita Mwalimu tangu siku alipomfundisha kusoma maandishi ya makaburini. "Hii haiishi. Hii inaletwa."

Watu wa Kasri Zeidun huuita mji wenyewe wa Wagiriki Hirba tu, yaani gofu. Ulijengwa pale kwa ajili ya chemchemi. Wazee wale walichonga mwamba wakafanya pango, wakapanga mabirika matatu ya mawe, moja likimwagia jingine, na juu kabisa wakaweka kichwa cha simba ili maji yatoke kinywani mwake. Khadra alikuwa hajafika huko tangu kiangazi, maana mgongo wake haukupenda tena ule mteremko.

Sasa birika la kwanza lilikuwa limejaa kitu cha kijivu, kizito, kilichojongea polepole kama uji uliochacha. Punje za wali zilielea zimevimba hata ungedhani ni funza. Mafuta ya kondoo yalikuwa yameganda meupe kwenye ukingo, yakaziba majani yaliyochongwa na mkono ambao hakuna aliyejua jina lake. Nepi mbili zilikuwa zimekwama kwenye mfereji. Na kinywani mwa simba paliningʼinia kitu ambacho Atiya alikitoa kwa kijiti, akakitupa mbali, na hakuna kati yao aliyetaka kukitaja. Inzi waliinuka kwa pamoja, wakatua tena kwa pamoja.

Khadra aliinama pembeni, akatapika chai yake ya asubuhi.

Waliufuata mkondo mweusi kwenda juu, wakipita kati ya kuta za nyumba za kale, hatua kama mia mbili. Juu huko, chini ya ukuta mpya wa matofali, walikuta bomba la buluu nene kama paja la mtu, mdomo wake umeelekezwa Hirba. Na juu ya ukuta kulikuwa na paa la vigae vyekundu ambalo mji mzima ulilijua: paa la ukumbi wa harusi wa Lulu ya Jabali.

Ukumbi ule ulikuwa wa Huwedi, mdogo wake Khadra, kitinda mimba wa mama yao, yule ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea.

"Mwalimu," alisema Atiya akitazama pembeni, "mimi sijaona kitu."

"Umeona, nami nimeona. Kikulacho ki nguoni mwako, Atiya."

Alimkuta Huwedi ukumbini akisimamia wafanyakazi waliokuwa wakifuta viti vya dhahabu. Mtu wa tumbo la heshima na kicheko cha karibu, hakukosa kumbusu dada yake kichwani.

"Karibu, dada! Mbona uso umekukunjamana kama umelamba limau?"

"Huwedi, bomba lako linamwaga vinyesi vya watu kwenye chemchemi."

Hakushtuka. Hilo ndilo lililomchoma Khadra. Aliinua buli juu, akamimina chai mpaka ikafanya povu, akamsogezea glasi.

"Wagiriki wamekufa, dada. Maiti hawanusi."

"Mimi sijafa."

"Mungu akuweke. Sikiliza, shimo la maji machafu nitachimba, nimeshasema nitachimba. Mwamba wa huku unajua mwenyewe, unavunja meno ya mashine. Wewe Jumatano wapitishe wageni njia ya juu. Nguzo ziko juu, picha nzuri ziko juu. Halafu mnakuja kula hapa, kwa heshima yako."

"Kula hapa?"

"Kondoo watatu nishachagua. Kunywa chai, inapoa."

Khadra aliitazama glasi. Povu lake lilikuwa la kijivujivu, au pengine macho yake yalishaharibika. Aliondoka bila kuigusa, na kwa Huwedi hilo lilikuwa tusi kuliko tusi.

Jumatano wageni walifika na magari mawili. Mkuu wao alikuwa Bwana Sanad, kiongozi wa kamati moja ya mji mkuu iliyokuja kuamua kama Hirba inafaa kutangazwa kwa watalii. Alivaa viatu vyeusi vilivyongʼaa kama macho ya farasi. Alikuwa na wasaidizi wanne, mmoja mwenye kamera. Huwedi naye alikuja, bila kualikwa, akasimama kwenye njia panda kama askari wa barabarani, mkono umeelekea juu.

"Huku, mabwana, huku! Upepo mzuri uko huku!"

Khadra alipita mbele yake bila kumtazama.

"Mji huanzia kwenye maji," aliwaambia wageni. "Tutaanzia chini."

Wageni wakamfuata, maana aliyeongoza alikuwa yeye. Huwedi akabaki mkono wake hewani. Kisha akawakimbilia, akicheka kicheko kikavu na kusema njia ile ina nyoka.

Hawakuona nyoka. Upepo wa kusini ulikuwa umeanza asubuhi ile, wa moto, na uvundo uliwapokea kabla hawajaliona pango. Mwenye kamera alikohoa. Bwana Sanad alitoa leso, akaishikilia puani, akaendelea kutembea kwa aibu ya kurudi nyuma. Kwenye birika la pili mguu wake uliteleza, kiatu kikazama mpaka kifundo. Kilipotoka kilitoa sauti kama busu.

"Hiki ni nini?" alifoka. "Mama, umetuleta wapi?"

"Hapa ndipo walipokuwa wakinawa kabla ya kusali," alisema Khadra. "Hicho ulichokanyaga kinatoka kule." Akanyoosha kidole juu, kwenye vigae vyekundu. "Ndiko mtakakokula mchana."

Khadra alisubiri. Alikuwa amelisubiri neno moja tu tangu Jumatatu, neno la mtu mwenye mamlaka akisema: lifungwe.

Bwana Sanad alimgeukia mwenye kamera.

"Ulizopiga hapa futa," alisema. "Haya, tupande juu. Jua kali."

Basi. Walipanda. Huwedi alimshika Bwana Sanad mkono ili asiteleze, na msaidizi mmoja akamsafisha kiatu kwa maji ya chupa, amepiga magoti mbele ya madhabahu ya kale. Juu walipiga picha kwenye nguzo, wakasifu mandhari, wakatazama saa.

Khadra alikwenda kwenye chakula kwa sababu ofisi yake ilimwamuru. Alikaa mwisho wa meza. Kondoo waliletwa juu ya milima ya wali, na Bwana Sanad alikunja mikono ya shati. Alikula vizuri. Alipasua mfupa, akanyonya uboho kwa sauti, mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, akayalamba. Chini ya meza, kwenye mshono wa kiatu chake, ule mstari mweusi ulikuwa bado upo.

"Bi Khadra huli?" aliuliza akitafuna. "Au umetununia?"

"Nimeshiba, bwana. Nilichokiona kimenijaza."

"Ah, wanawake wa milimani!" Akacheka, wote wakacheka, na Huwedi akacheka kuliko wote. "Ukumbi huu mzuri sana. Watalii watahitaji mahali kama hapa. Tutauandika kwenye ripoti."

Kisha aliinuka kwenda msalani. Mlango ulikuwa nyuma ya kiti cha Khadra. Alisikia maji yakivutwa, akayasikia yakishuka ndani ya ukuta, yakigugumia, na akajua yanaelekea wapi. Aliangalia vidole vya wale watu vikichimba wali, vikirudi, vikichimba tena. Hawakuwa wajinga, hilo ndilo lililomtia kinyaa. Walijua, wakanawa, wakala.

Jumamosi mchana, ukumbi ukiwa hauna shughuli na bomba likiwa kavu, Khadra alifungua stoo ya ofisi akatoa mifuko miwili ya saruji ya kuungia nguzo. Atiya aliipakia juu ya punda wa jirani.

"Hii ni mali ya serikali, Mwalimu."

"Na Hirba ni ya nani?"

Walijaza mdomo wa bomba kwa mawe na saruji, wakishindilia kwa mti. Atiya, kwa haraka, aliokota jiwe zuri lililochongwa pembe nne.

"Rudisha hilo! Hilo ni la sakafu ya hekalu."

"Lingekaa vizuri."

"Ulipolitoa, Atiya."

Akalirudisha, akatafuta jiwe lisilo na ukoo. Jioni saruji ilikuwa imeanza kushika.

Alhamisi ilikuwa harusi ya watu mia nne. Khadra hakualikwa, na kilichotokea alikipata Ijumaa asubuhi kutoka kwa Huwedi mwenyewe, aliyepiga mlango wake kwa ngumi mbili. Suruali yake ilikuwa na madoa mpaka magotini, na alinuka hata jirani aliyekuwa akifagia uani akaingia ndani.

"Umeniua, dada! Yamepanda kwenye vyoo vya wanawake, yakatoka ukumbini, chini ya meza! Bibi yake bwana harusi ameteleza! Bibi harusi amebebwa mgongoni na kaka yake, gauni limekuwa… sitaki hata kusema limekuwaje!"

"Sema. Mimi nilipokuambia ulinipa chai."

"Damu yako, Khadra! Damu yako mwenyewe!"

"Usiingie," alisema Khadra. "Nimepiga deki."

Akafunga mlango. Lakini habari ya bibi harusi haikumtoka. Jioni alichukua chupa ya asali chungu ya mlimani, ile watu wanayoithamini kuliko tamu, akaenda kwa mama wa yule binti, akamweleza ukweli wote, kwamba mkono ulioziba bomba ni wake. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu alilia usiku kucha kwa ajili ya mawe," alisema, akamrudishia asali yake. Khadra aliibeba ile chupa mpaka nyumbani.

Huwedi hakupata harusi nyingine mwezi ule. Wiki ya pili ilikuja mashine kubwa, ikavunja mwamba siku tisa, na shimo likachimbwa. Kutoka mji mkuu zilikuja barua mbili kwa bahasha moja: ya kwanza iliisifu ofisi kwa ziara iliyofana, ya pili ilimhamishia Bi Khadra kwenye chumba cha mafaili mpaka atakapostaafu. Alizisoma zote mbili akiwa amesimama, akazitia kwenye faili linalohusika.

Siku zake za mapumziko alishuka bondeni na Atiya, mabuti ya mpira miguuni, vitambaa usoni, wakikomba birika moja baada ya jingine. Walijaza magunia, wakayapandisha kwa punda. Jumamosi ya tatu, Huwedi alitokea ukingoni juu. Alisimama pale, amejiziba pua.

"Dada, unajidhalilisha. Nitaleta vibarua wawili."

Khadra aliegemea koleo. Alimtazama mdogo wake, kanzu nyeupe, vidole viwili puani, na kile kinyaa cha mezani siku ya wageni kikamrudia, si cha tope alilosimama ndani yake.

"Walete," alisema. "Wewe usishuke."

Akainama, akachota koleo jingine, Atiya akamfungulia mdomo wa gunia.