Meno Yaliyosuguliwa Mno

Kufikia saa nane mchana Mama Orpa alikuwa amechoka hata hawezi kukasirika. Walitoka Misiera alfajiri, yeye na bintiye, na tangu saa nne walikuwa kwenye benchi la kliniki moja ya meno huko Ruti, Mbarara. Orpa alikuwa na miaka ishirini na miwili, na meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia tangu yalipoota. Jumatatu angeanza kazi ya kufundisha chekechea. Alitaka kuimba mbele ya watoto bila kuziba mdomo.

Hatimaye Daktari Kyomuhendo aliwaita, akawaeleza. Angeweza kukwangua meno kwa mbele, nusu milimita hivi, kisha agandishe vipande vyembamba vya kauri. Au asikwangue kitu, apake tu dawa nyeupe juu yake, ila hiyo haidumu.

"Ukikwangua, linaota tena?" Mama Orpa aliuliza.

"Hapana, mama. Hiyo imekwenda."

"Na kauri?"

"Miaka kumi. Labda zaidi."

"Basi kwangua. Tumetoka mbali."

Daktari alivuta taa, akagusa jino kwa kichuma chembamba. Orpa akaruka kitini.

"Sasa hapa nakwangua nini? Ganda imeisha! Nani alisugua hii meno?"

Orpa alitazama dari. "Yako hivyo tu, daktari."

Mama Orpa angeweza kunyamaza; binti alishamkinga. Lakini tangu mtoto ana miaka saba alikuwa akimshika kidevu kila asubuhi, akimsugua kwa mkaa na mchanga. Yeye, mwenye diploma ya ualimu, alidhani rangi ile ni uchafu.

"Ni miye," alisema. "Mkaa na mchanga. Miaka mingi."

"Haikuwa uchafu, mama. Maji ya kunywa ilileta rangi, jino ikiwa bado ndani ya ufizi," daktari alisema.

"Nilikuambiaka, Mama," Orpa alisema. "Nililia mpaka majirani bakachoka."

"Uliniambia. Nikasema unadeka."

Ganda la kukwangua halikuwepo. Daktari alichanganya dawa nyeupe, akaipaka jino kwa jino. "Hii itabanduka," alisema. "Miaka miwili, mitatu, mnarudi."

"Tutarudi."

"Weye na lile benchi?" Orpa akacheka.

Walipoinuka, daktari alimnyooshea mama mswaki laini. Orpa akauwahi.

"Huu ni wangu, Mama. Nitasugua mwenyewe."

Mama Orpa hakubisha. Alifungua mlango, akampisha atangulie.