Majani ya Samaki Juu ya Nyanya

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na sitafuti mtu wa kugawana naye. Mashahidi walikuwepo: mke wangu Micheline, jirani yetu mama Asha, na viwavi wa nyanya, ambao nadhani mpaka leo wananicheka.

Viwavi wa msituni sisi watu wa Kisangani tunawala. Hawa wa nyanya wanatula wao. Walitoboa matunda mabichi mpaka bustani yangu ya mteremkoni, huku Tshopo, ikawa kama imepigwa misumari. Mama Asha alinunua chupa ya dawa sokoni kwa biringanya zake, nami nikamtania wiki nzima: "Mama Asha, ile dawa inaua kiwavi, kisha inafuata mwenye kula." Mimi nilikuwa na majani.

Ni yale ambayo baba yangu, mvuvi wa maporomoko, alikuwa anayaponda na kuyatupa vijitoni ili samaki walewe, waelee, tuwaokote kwa mikono. Niliyatwanga kwenye kinu, nikayalaza majini, asubuhi nikachuja na kutia sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye jani. Nikachovya fagio, nikanyunyizia mistari yote. Viwavi wakaanza kudondoka. Nikaimba. Kisha nikamwaga makapi na maji yaliyobaki mferejini, na ndoo nikaisuuza humo humo.

Micheline alikuwa anafunga mche kwenye kijiti. Akasimama.

"Bavon, ule mufereji unaenda wapi?"

Nilijua. Ulikuwa unashuka mpaka bwawa la mama Asha, na bwawani walikuwamo tilapia wa harusi ya binti yake, Safiya. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Mchele ulikuwa wa bwana harusi. Samaki aliwaahidi mama Asha mwenyewe mbele ya wakwe, na hakuwa na kingine cha kuweka mezani. Mtoto wa mvuvi mzima, nimewapa samaki wa jirani majani ya samaki.

Nilikimbia. Povu la sabuni lilikuwa linaelea juu ya maji, na ndilo nililolifukuza. Lilikuwa limeshapita migomba. Upande wa msitu wa Masako mbingu ilikuwa nyeusi. Mvua ikifika, ingesukuma kila kitu bwawani, pamoja na dawa iliyobaki juu ya nyanya.

Mama Asha alikuwa ukingoni, anawatupia samaki pumba.

"Papa Bavon, leo viwavi ndio wanakukimbiza?"

Ningeweza kusema natafuta mbuzi. Ulimi ulikuwa umeshapinda kuelekea kwa mbuzi. Lakini povu lilikuwa nyuma yangu.

"Ziba mulango ya maji, mama. Nimemwaga majani ya samaki."

Hakuuliza mara mbili. Aliingia na nguo zake mpaka kiunoni, akaanza kurundika udongo kwenye mdomo wa bwawa kwa mikono. Nikaongeza gunia, nikalikalia. Maji yakajaa nyuma yetu, yakaanza kunipanda mgongoni. Matone ya kwanza yakaanguka.

"Haitashika," Micheline akaita toka juu. "Lazima maji ipate pa kwenda."

Pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu: lile shimo la zamani la udongo wa matofali, ng'ambo ya nyanya zangu. Nikafungua mdomo niseme labda tutafute njia ingine. Micheline alikuwa ameshainua jembe. Alipasua ukingo wa mfereji, kisha akakata katikati ya bustani, mstari kwa mstari, na nyanya zangu, siku ya kwanza bila kiwavi hata mmoja, zikaondoka na maji zikiwa bado zimefungwa kwenye vijiti vyao. Povu likazifuata shimoni.

Mvua ikashuka kwa nguvu. Micheline akashuka, tukasimama ukingoni watu watatu. Dawa kidogo ilikuwa imeshapenya: tilapia kadhaa walikuwa wameelea, matumbo juu. Wengine walikuja juu, midomo wazi, wakatuangalia. Mama Asha alikuwa anasogeza midomo yake bila sauti. Kisha mmoja akazama, akapiga mkia. Mwingine akamfuata. Halafu kundi zima.

Nilipumua, na pamoja na pumzi ujinga wangu ukarudi.

"Bon, mama Asha, harusi iko. Na angalia: kama ingekuwa ile chupa yako ya sokoni, hata mmoja hangepona."

"Chupa yangu iko na karatasi. Imeandikwa: usimwage karibu na maji. Mimi nilisoma."

"Lakini yangu si sumu, mama. Ni majani. Mungu ameyaotesha yeye mwenyewe."

Mama Asha alikamua maji kwenye kitenge chake, taratibu, akanionyesha mto Tshopo kwa kidole chenye matope.

"Hata mamba ni Mungu alimuumba, papa Bavon. Enda uoge naye."