Nyota Inayomwona Bibi

Bibi yangu humpi habari asiigeuze fimbo ya kumchapia babu. Jioni moja nilimwonyesha dirishani nyota nyekundunyekundu. Nikamwambia lile ni jitu: limevimba kulishinda jua zaidi ya mara arobaini, ila usoni haliwaki moto kama jua.

"Limefura hivyo na moto halina?" Akamtupia jicho babu, fundi cherehani mstaafu, aliyejilaza kitini na kitambi chake. "Mbona mwenzake namjua."

Nikaeleza kwamba mwanga husafiri miaka kama sitini na mitano kati yetu na nyota ile. Aliye huko akitutazama leo, anamwona bibi akiwa bado binti.

"Ehee! Huko sijaolewa!" Bibi akajishika kiuno. "Wanamwona huyu anavyonibembeleza!"

Hapo babu akakohoa. "Basi watazame vizuri penye cherehani yangu. Watamwona binti anayeleta gauni lilelile kila siku, eti kifungo kimekatika. Akishashonewa, akifika kona, anakikata tena kwa meno."

Bibi alifunga dirisha kwa kishindo.

"Mbu," akasema. "Mbu wamezidi."