Nguzo Kaburini kwa Semmo

Sikukuu ya mtakatifu wa kijiji iliangukia Jumatano, na Nasta alitandika kitambaa chake kilichotariziwa juu ya kaburi la mumewe, kama wafanyavyo Waseto wote, watu wa mpakani, siku hiyo. Akapanga mayai ya kuchemsha, samaki wa moshi, jibini na chupa ya gongo. Mchana mumewe, Semmo, akatoka kaburini, akajikung'uta udongo, akaketi pembeni mwa kitambaa. Kwenye makaburi ya jirani, marehemu wengine walikuwa wameshaanza kula.

"Miguu inaniganda," alisema Semmo. "Na jana wameniomba pasipoti."

"Nani?"

"Hao wa ng'ambo. Kuanzia magotini kwenda chini niko kwao."

Ilikuwa kweli. Nguzo ya mpaka wa nchi kubwa ya jirani, nyekundu kwa kijani, ilikuwa imesimama katikati ya kaburi. Nguzo hizo hutembea alfajiri, polepole, kama ng'ombe anayetafuta majani, na zenyewe hazirudi zilikotoka. Zilikuwa zimeshachukua kisima cha jirani na nusu ya banda la kuku. Anayebaki upande ule, awe hai au mfu, harudi tena kula na watu wake. Nasta hakudai kisima wala kuku. Alimtaka Semmo tu, mara moja kwa mwaka, na mimi sioni kama hiyo ni tamaa.

"Umoja wa nchi zetu unakuja leo," alisema Paavel, mdogo wake Semmo, akijimiminia gongo ya marehemu. "Nchi zote hizi, shemeji, zikishikana, nani atazitikisa? Yule wa ng'ambo si yuko mmoja tu?"

"Mmoja haitishi kikao, Paavel. Na hiyo chupa si yako."

Umoja ulifika kwa basi, mjumbe mmoja kutoka kila nchi. Walikuwa watu wazuri, sitawasingizia. Walimpa Semmo mkono na pole, wakala, wakasifu jibini. Mjumbe wa Malta, mama mfupi mwenye viatu vya mvua, akafunga kamba kwenye nguzo na kuivuta kidogo, kujaribu tu. Nguzo ikarudi nyuma shubiri nzima.

"Eh! Miguu imepata moto," alisema Semmo.

"Samahani, baba," alijibu yule mama, akailegeza kamba. "Peke yangu siruhusiwi. Tunavuta wote, au havuti mtu."

Nguzo ikasogea tena mahali pake. Wajumbe wakajipanga, wakabishana kama kazi ile iitwe kuvuta au kuhimiza, kisha wakaishika kamba. Mkono wa mwisho ulipoigusa, miguu yao iliacha ardhi. Kila mmoja alikuwa na uzito wake, ila wakiwa pamoja hawakuwa nao. Walipanda hadi juu ya misalaba, wakaning'inia pale na kuendelea na mjadala. Ng'ambo, mlinzi mnene wa mpaka alikuwa kitini akitafuna mbegu za alizeti. Hakusimama.

Upepo ukaanza kuwasukuma kwenda kwake, na fundo la kamba kwenye nguzo likafunguka.

"Shemeji, shika!" alipiga kelele Paavel. "Wakitua kule ni vita, na sisi ndio tutakaolaumiwa!"

Nasta akaidaka kamba. Alikaza visigino, akaligeuzia kaburi mgongo, akawavuta wajumbe kuelekea barabarani, Paavel nyuma yake akichangia ubishi na kuhema tu. Siku hiyo nguzo haikungoja alfajiri. Aliisikia iking'oka.

"Nasta," aliita Semmo. "Wananiita huku."

"Nakuja. Ngoja niwashushe hawa."

Waliteremshwa mlangoni mwa basi, mmoja baada ya mwingine, na uzito ukawarudia. Mama wa Malta alikuwa akilia kwa dhati. Wenzake walimfahamisha Nasta kwamba wamekubaliana, wote bila kupingwa, kusikitika sana.

Alipogeuka, kaburi lote lilikuwa ng'ambo. Semmo alikuwa kwenye foleni ya marehemu, amempa mgongo, maana mlinzi alikuwa amewaamuru watazame mbele. Nasta alimwita. Semmo hakugeuka.

Moyo ulimuuma, ukamuuma sana. Kisha akaenda kumsaidia Paavel kukunja kamba, kwa sababu Umoja ulikuwa unaihitaji kwenye kijiji kinachofuata.