Nguvu za Paja la Nasur

"Inua mguu, Baba Fatumah. Inua kama unataka kunipiga teke."

"Haitaki, sista. Hii imekufa."

Mguu wa kushoto wa Nasur ulitikisika juu ya kitanda cha mbao, ukanyanyuka upana wa kidole, kisha ukalala. Norah Driciru hakuutazama. Kiganja chake kilikuwa chini ya kisigino cha mguu wa pili, ule mzima, na kisigino hicho kilikuwa kimetulia kama figa. Hapo ndipo alipojua kwamba mgonjwa anamdanganya. Mtu ajitahidiye kweli kuinua mguu mmoja hukandamiza kitanda kwa kisigino cha mguu wa pili, apende asipende. Hayo Norah alifundishwa na miaka kumi na miwili ya kupima misuli katika hospitali ya mjini Arua.

Alichukua kipimapembe cha mbao, akakiweka ubavuni mwa goti. Goti lililopigwa risasi mwaka 1980 lilikunjika digrii sitini tu, tena lilicheza kando kama bawaba iliyolegea. Hilo halikuwa la uongo. Paja ndilo lililokuwa likifichwa.

Misuli hupewa alama, kuanzia sifuri hadi tano. Mwaka huo wa 1988 karakana ya hospitali ilikuwa na vyuma sita vya kufungwa mguuni ili mtu atembee, na havikutolewa ila kwa wale ambao paja lao lilifikia alama ya tatu, kwa kuwa paja dhaifu haliwezi kukibeba chuma. Orodha ingefungwa saa sita adhuhuri. Atakayekosa angerudi nyumbani kama alivyokuja.

Nasur alikuwa amekuja juu ya baiskeli iliyosukumwa na mkewe, Mariam Poni, siku mbili, kutoka Ludara kupitia Koboko. Mama huyo, aliyeketi mkekani, aliangua kicheko.

"Imekufa? Wiki iliyopita mbuzi iliingia kwa muhogo, mguu ikafufuka! Akasimama, akashika mti, akatukana mbuzi mpaka mama yake."

"Nyamaza, wewe mwanamke."

"Nitanyamaza siku nitaacha kukubeba mgongoni kwenda choo."

Norah alimwomba Mariam akachote maji. Mariam alipotoka, Norah akauvuta mkeka kando, akaketi karibu na kichwa cha mgonjwa.

"Unaficha nguvu, Baba Fatumah. Kwa nini?"

Nasur aliyatazama mabati ya dari. "Utaandika nini?"

"Namba."

"Na jina?"

"Jina, na kijiji."

"Mwaka ule," Nasur alisema polepole, "watu wa bunduki walipanga sisi sokoni. Mutu mmoja akapita, anashika mapaja. Hivi, kama wewe. Kama iko ngumu, anasema huyu alikuwa askari wa serikali iliyoanguka, panda lori. Kama iko laini, rudi nyumbani. Ndugu yangu Yakani alikuwa na mapaja ya kucheza mpira. Hata kofia ya askari hakuvaa. Alipanda. Mimi nilipanda nyuma yake, nikaruka, wakanipiga risasi. Yeye hakurudi. Ndiyo goti hii."

Nje, nyundo za karakana ziliendelea kulia.

"Karatasi yako inakwenda wapi, sista?"

"Karakana."

"Na kutoka karakana?"

"Kampala."

"Nani anasoma kule?"

Kwa miaka hiyo yote Norah hakuwahi kuuliza.

"Sijui," akajibu.

Angeweza kuandika alama ya tatu bila kumwambia mgonjwa. Lakini hakuwahi kuandika nguvu ambayo mkono wake haukuihisi, na jina la Nasur halikuwa lake kulitoa.

Adrabo wa karakana alichungulia mlangoni, aproni yake imejaa vumbi la chuma. "Sista, chuma imebaki moja. Huyu wa Ludara, vipi?"

"Ngoja."

"Mimi nangoja, lakini saa haingoji."

Mariam alirejea na ndoo. Aliitua kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akajishika kiuno. Akabaki ameinama hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyostahili kwa ndoo moja ya maji. Nasur alimtazama mpaka aliponyooka.

Kisha akajisukuma mwenyewe mpaka ukingoni mwa kitanda. "Pima."

Norah aliweka kiganja juu kidogo ya kifundo cha mguu, akakandamiza. Mguu ulinyanyuka. Akaegemea kwa mikono yote miwili, kwa uzito wa mwili wake. Kitanda kikalalamika, mguu ukashuka kidogo, ukagoma. Mariam aliziba kinywa kwa kitambaa.

Norah aliandika nne. Aliandika Nasur, akaandika Ludara, akampa Adrabo karatasi.

"Basi, Baba Fatumah. Shusha."

Nasur hakuushusha. Alikuwa akiifuata ile karatasi kwa macho, ikivuka uwanja katika mkono wa Adrabo, na mguu ulibaki hewani mbele yake, ukitetemeka.