Mlango wa Wanawake

Siku ya pili ya matembezi yao ugenini, Fundi alikuwa bado hajauona mji. Alichoona ni milango. Walipokata kona, watu wengine waliinua nyuso kutazama minara na masanamu, yeye macho yake yalikuwa chini na pembeni, yanasaka kibao chenye picha ya mtu mwenye sketi na mtu asiye na sketi.

Aliyewatumia tiketi ni binti yao, ambaye alikuwa na mwaka wa nne akifanya kazi katika mji ule. Mchana hakuwa na nafasi, kwa hiyo aliwachorea ramani kwenye karatasi na kutia vitone vyekundu palipokuwa na vyoo. "Baba, usihangaike," alimwambia. "Vyoo viko tele." Fundi aliikunja karatasi akaitia mfukoni, lakini moyo haukutulia. Wingi wa vyoo haukuwa shida yake. Shida ilikuwa kwamba kila choo kina milango miwili, na yeye na mkewe walihitaji mmoja.

Mkewe alikuwa mkunga mstaafu. Alizalisha wanawake kwa miaka thelathini na minne, na mtaani kwao hakuitwa jina jingine ila Mkunga, hata na mumewe. Kisha asubuhi moja, mswaki ukiwa mdomoni, kiharusi kikampiga. Kikamwachia mguu wa kulia unaoburuta na mkono wa kulia usiokamata kitu. Fundi, aliyekula ujana wake wote nyuma ya cherehani, alizichukua nguo za mkewe akazifumua moja baada ya nyingine. Akaondoa vifungo na zipu, akatia mpira kiunoni. Akawa anampeleka msalani, anamshika, anamngoja, anamrudisha. Kwa mwaka mmoja na nusu hakuna mkono mwingine uliofanya kazi hiyo.

Siku ya kwanza mambo yaliwaharibikia. Choo walichokikuta kilikuwa chini ya ardhi, ngazi ishirini na mbili, na walipofika kati Mkunga akasema mguu hautaki tena. Wakarudi nyumbani kwa binti yao kwa teksi, Fundi akaangalia dirishani kwa upande wake na Mkunga kwa upande wake.

Ndiyo maana siku ya pili Fundi alishangaa kuona mambo yanakwenda vizuri. "Umebanwa?" aliuliza kwenye uwanja wenye njiwa. "Sijabanwa." Akauliza tena mbele ya jumba la makumbusho. "Sijabanwa, baba. Tembea." Wakafika mto unaokata mji katikati, wakapanda daraja polepole, mkono kwa mkono, fimbo ya Mkunga ikigonga mawe. Fundi akaanza hata kupiga mluzi.

Katikati ya daraja Mkunga akasimama. Akashika ukuta. "Naona giza," alisema.

Fundi alimkalisha kwenye benchi la mawe, roho juu. Midomo ya mkewe ilikuwa imekauka na kupasuka. Akaitoa chupa ya maji kwenye mkoba: ilikuwa imejaa hadi shingoni, kizibo hakijafunguliwa.

"Hujanywa maji tangu asubuhi?"

Mkunga alitikisa kichwa.

"Na chai je? Nilikutilia vikombe viwili."

"Nimeimwaga kwenye sinki ulipokwenda kuvaa viatu."

"Mkunga! Wewe, uliyekuwa ukiwagombeza wajawazito kwa jambo hilihili?"

"Usinipigie kelele darajani." Alisema kwa sauti ndogo, jicho lake likiwa kwenye maji. "Jana ulihesabu ngazi, hukutazama kitu. Umevuka bahari kuja kuhesabu ngazi. Nikasema leo nisikubane. Utazame mji."

Fundi alifungua kizibo akamshikia chupa. Mkunga alikunywa, akapumzika, akanywa tena, mpaka ikabaki nusu. Mashua ndefu ya watalii ikapita chini yao, watu wakawapungia mikono, na Mkunga akainua ule wa kushoto akawapungia na yeye.

Haikupita nusu saa, kile alichokuwa akikikimbia kikaja. "Sasa nimebanwa," alisema, "tena vibaya."

Bustani ilikuwa hatua chache kutoka darajani, na ndani yake kulikuwa na kijumba cha matofali chenye milango miwili. Upande wa wanaume mtu hakuwepo. Upande wa wanawake walipanga foleni watu sita. Fundi alisimama katikati kama mtu aliyeitwa na pande mbili. Kwa wanaume hakuweza kumwingiza; alikwishachungulia, na mpangilio wa mle ndani haukuwa wa kumpitisha mama wa watu. Akapiga moyo konde, akamshika mkewe kiuno, akaelekea kwa wanawake.

Mwanamke mwenye miwani alipaza sauti. Fundi hakuelewa hata neno moja, ila kidole kilichomwonyesha mlango wa pili kilieleweka. Akaonyesha fimbo, akaonyesha mkono wa mkewe, akasema "mgonjwa, mgonjwa" kwa lugha yake, jasho likimtoka. Mwanamke wa pili naye akasema kitu. Mkunga aliinamisha uso, na kwa Fundi hilo ndilo lililouma kupita yote, maana mke wake hakuwa mtu wa kuinamisha uso.

Kelele zile zikamtoa mfagiaji wa choo, mwanamke mnene mwenye glavu za mpira na ndoo. Aliwatazama wote wawili, akatazama mguu, akaelewa. Akatua ndoo, akavua glavu, akanawa mikono. Kisha hakumgusa Mkunga wala hakumvuta. Alikunja kiwiko tu, akakileta karibu, akangoja.

Mkunga alikitazama kiwiko kile. Labda alikumbuka ni wanawake wangapi aliowanyooshea chake. Akakishika.

"Wewe baki hapa," alimwambia mumewe.

"Utaweza?"

"Baki, nimesema."

Foleni ikawapisha. Mlango ukafungwa, na Fundi akabaki nje na fimbo ya mtu mwingine mkononi. Alidhani angefurahi. Badala yake alijisikia kama fundi aliyenyang'anywa mkasi katikati ya kazi. Nani atamwambia yule mama kwamba goti la kulia ndilo hulegea kwanza? Dakika zikapita. Akasogea, akategea sikio. Ndani kulikuwa na kicheko, na kimoja kati ya vicheko viwili vile alikuwa hajakisikia siku nyingi.

Mkunga alitoka na sketi imepinda, mshono wa ubavuni umekuja mbele, na kifua kimeloa. "Bomba lao halina kishikio," alisema. "Ukisogea tu linafyatuka. Limetuogesha wote wawili." Vidole vya Fundi vilitaka kuinyoosha ile sketi. Akavitia mfukoni.

Walikaa bustanini wakikauka. Mkunga ndiye aliyeanza.

"Yule mama kanishika barabara. Wewe hunishika kama kitambaa kinachotaka kuchanika."

Neno lile lilimchoma.

"Naogopa," alisema.

"Najua unaogopa. Mwaka na nusu naishi ndani ya woga wako, Fundi, na mimi nina wangu wa kunitosha."

Fundi alimpa mkono warudi nyumbani, na njiani akajaribu kukunja kiwiko na kungoja. Mara ya kwanza alisahau akamvuta. Mara ya tatu ikamkaa.

Jumamosi binti hakwenda kazini, akamchukua mama yake. Fundi alikwenda peke yake kwenye jumba la makumbusho, akasimama karibu saa nzima mbele ya gauni la kale alilowasimulia binti yao, lililoshonwa kwa mkono, akiinama hadi mlinzi akamkoholea. Aliporudi, mkewe alikuwa amekaa kitini amevaa kanga ya binti yao, sketi ikining'inia kwenye kamba ya bafuni.

"Kumetokea nini?"

"Hatukuwahi. Foleni ilikuwa ndefu, nikajikojolea kidogo mbele ya watu." Alisema bila kushusha macho. "Binti yako kalia. Mimi nikamwambia, mwanangu, nimeona makubwa kuliko haya kila siku ya kazi yangu. Tukanunua soksi, tukaendelea na safari."

Fundi alihisi miguu inataka kukimbilia bafuni kuitazama ile sketi, kuona kama imefuliwa sawasawa. Akavuta kiti, akaketi.

"Mlifika wapi?" aliuliza.

"Mpaka juu ya mnara. Kwa lifti." Mkunga akajiegemeza. "Sasa wewe anza. Hilo gauni lilikuwa na mshono gani?"