Miguu ya Kitanda cha Mtoto

Mwanangu ni seremala hodari, sibishi, ila kichwa chake wakati mwingine hukisahau karakanani. Mke wake ananifika kifuani kwa shida. Kazaliwa na maradhi adimu ya mifupa, mikono na miguu haikurefuka, basi. Mume kamshushia nyumba nzima: meza ya jiko, sinki, hata swichi za taa. Halafu mtoto kazaliwa, na bwana huyu, kwa furaha zake, akatengeneza kitanda kwa kipimo kile kile anachowauzia wateja. Kizuri, kinang'aa, na mikono ya mama mtu haifiki ndani! Jamani!

Basi mtoto akilia, mimi huyo. Namtoa, nampeleka anyonye, nambembeleza, namrudisha. Si ndilo lililonileta? Mkwe wangu husema tu, "Asante, mama." Ikafika mahali mtoto ananyamaza kwangu, kwa mama yake analia.

Asubuhi moja nikiwa uani naanika nepi, nikasikia msumeno ndani. Nikakimbia. Mtoto yuko kwenye godoro sakafuni, mama yake kapiga magoti, anakata mguu wa kitanda.

"We! Una wazimu? Kazi ya mwanangu hiyo!"

Hakuacha. "Na huyu ni mwanangu, mama. Ananiona mgeni. Nataka akilia nimtoe mwenyewe."

Daktari alishatuambia mtoto kairithi mifupa ya mama yake, nami nimekuwa nikijiuliza nani atamfundisha kuishi nayo. Kumbe mwalimu huyu hapa, anatoka jasho.

"Unakata upande," nikamwambia. Nikakaa chini, nikaushikilia mguu wa kitanda. "Haya, kata."

Tulipomaliza kitanda kikawa kinayumba. Tukakunja kadibodi, tukaisokomeza chini ya mguu mmoja, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Tukamlaza mtoto. Haukupita muda akaanza kulia. Nikainuka kwa mazoea, nikajirudisha chini, mikono nimeikalia.

Mkwe wangu akapitisha mikono yake juu ya ukingo. Akamfikia. Akamnyanyua, akamlaza begani. Mtoto akalia, akalia, mpaka nikahisi nitapasuka. Mama yake akazunguka naye chumba kizima, akimsemesha polepole. Kisha kimya.

"Mama," akaninong'oneza, hata kugeuka anaogopa, "amenyamaza kwangu."

"Sasa anyamaze kwa nani, na mama yake ni wewe?" nikamjibu, na hapo nikaanza kulia mimi.